Fundi kanihamishia nyimbo za marehemu baba bila majina, halafu ananiuliza "si zinapiga?"

Wakuu, salaam. Modereta naombeni msiunganishe huu uzi na ule wa kutafuta fundi mzuri wa laptopu, sitafuti fundi. Nimekuja na povu, na ni povu la wiki nzima.

Laptopu mpya iko hapa mezani. Nikifungua folda ya muziki, kila kaseti naona 01.wav, 02.wav, 03.wav, 04.wav, inashuka hivyo hivyo mpaka kidole kinachoka. Nyimbo zaidi ya 1,300. Nikiingia kwenye programu ya kusikilizia, kila mstari umeandikwa "Msanii asiyejulikana". Asiyejulikana na nani? Mimi nawajua! Niliwaandika mmoja mmoja kwa vidole hivi hivi, miaka mitatu.

Marehemu baba alinikabidhi kaseti 112 mwaka 2018, akiwa hai na akili zake timamu, kwa sharti moja tu: zisiazimwe. Nyingi alizirekodi mwenyewe kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Vijana hamjui, lakini zamani ukitaka wimbo wa bendi unategea redio, kidole kiko juu ya kitufe cha kurekodi, na mtangazaji akichelewa kunyamaza basi naye anaingia kwenye kaseti. Kwa hiyo mle ndani kuna watangazaji, kuna salamu za wasikilizaji, na kuna kaseti moja ina jogoo wa jirani anawika katikati ya solo. Yule jogoo hayuko kwenye mtandao wowote wa kulipia, niseme mapema kabla hamjaanza.

Nikachomeka waya kutoka kwenye deki ya kaseti hadi kwenye kompyuta ya mezani, nikawa narekodi kwa programu ya Audacity. Asiyewahi kufanya hii kazi asidhani ni sawa na kukopi flashi. Kaseti ya dakika 90 inakula dakika 90 zako, huwezi kuiharakisha. Ikiisha unaanza kukata wimbo mmoja mmoja, upande A, upande B. Nikahifadhi kwa WAV, maana nilisoma kwamba MP3 inatupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na mimi sikutaka kutupa kitu cha mzee hata kidogo. WAV ya ubora wa CD ni kama MB 10 kwa dakika. Kaseti ya dakika 90 inafika MB 950. Jumla zilikaribia GB 90.

Hiyo ilikuwa kazi ya mashine. Kazi yenyewe ilikuwa majina.

Kila Jumamosi baada ya chai mzee anakaa kwenye kochi, mimi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta. Napiga wimbo, yeye anataja, mimi naandika. Jina la wimbo, bendi, nani anaimba, nani yuko kwenye solo, mwaka. Akiwa hana hakika anasema "weka alama ya kuuliza hapo," naweka. Siku nyingine tunakaa na wimbo mmoja saa nzima kwa sababu umemkumbusha mtu.

Tena mkumbuke majina ya bendi zetu si kitu cha kubahatisha. Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz ikaja kuwa JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, leo mnaiita Msondo Ngoma. Chama cha wafanyakazi kikibadili jina na bendi inabadili. Ukiiachia kompyuta ipange yenyewe utapata bendi nne, mbili ziko herufi M na N, nyingine J, nyingine O. Au Mlimani Park: kaseti moja mzee kaandika "DDC", nyingine "Mlimani", nyingine "Sikinde". Vijana wawili wakipewa kaseti hizo watakuambia ni bendi tatu. Mimi niliziunganisha zote, kila wimbo na jina la bendi la wakati ule, halafu kwenye sehemu ya maoni naandika zilivyo ndugu. Kwenye sehemu hiyo hiyo ya maoni ndiko nilikuwa naandika maneno ya mzee. "Hapa mpiga besi alikuwa mgeni, sikiliza anavyochelewa." Mambo ya namna hiyo.

Mzee alifariki 2021. Sasa mnaelewa ni kitu gani kimepotea.

Mwezi uliopita ile kompyuta ya mezani ikaanza kulia kama jenereta na kujizima. Ilikuwa bado na Windows 7, ambayo Microsoft walishaacha kuihudumia tangu Januari 2020, kwa hiyo nikasema basi. Nilijaribu kwanza kuhamisha mwenyewe kwa flashi ya mpwa wangu. Flashi ile alitoka nayo steshenari, mnajua wenyewe flashi za steshenari: nilipoichomeka mafolda yote yakawa shotikati, vijialama tu vya njia ya mkato. (Kwa mwenye shida hiyo: mafaili hayajafutika, yamefichwa. Usibofye zile shotikati. Fungua dirisha la amri, andika attrib -h -r -s /s /d G:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya G, yatarudi. Kisha pitisha antivairasi.) Nikaogopa. Nikasema kazi hii apewe mwenye fani.

Nikaenda kwa fundi, duka simtaji. Tukakubaliana: nanunua laptopu kwake, namwachia kompyuta ya zamani ananipunguzia laki moja, na elfu thelathini ya kuhamisha vitu. Nikamwambia kwa Kiswahili kinachoeleweka: muziki wote uhamie, ukae kama ulivyo kule, ndipo ufanye utakalo na kompyuta. Akanijibu "usiwaze bosi". Wakuu, fundi akikuambia usiwaze, anza kuwaza.

Siku ya tatu nikafuata laptopu. Akafungua folda mbele yangu, akabofya faili moja, ngoma ikapiga, nikalipa, nikaondoka nimefurahi kama mjinga. Nimefika nyumbani ndiyo naona 01, 02, 03.

Nikampigia.

"Majina yako wapi?"

"Majina gani bosi? Nyimbo si zinapiga?"

"Zinapiga, lakini hazina majina."

"Hayo utaandika taratibu."

Taratibu! Nimfufue mzee taratibu?

Nikamwambia basi naja na hiyo kompyuta ya zamani niangalie mwenyewe. Kimya kidogo. "Bosi ile nilishaipiga fomati, nimeweka Windows mpya, imeshapata mteja."

Nimekaa wiki nzima nasoma ili nijue nimechinjwa na nani hasa, na nimegundua fundi ni nusu tu ya adui. Nusu nyingine ni programu niliyokuwa naandikia majina, ambayo nayo siitaji.

Iko hivi. Faili la MP3 lina mfuko ndani yake, wanauita lebo ya ID3. Ukiandika jina la wimbo linaingia kwenye mfuko ule na kwenda na faili popote, kwenye simu, kwenye redio ya gari, kwa jirani. Lakini kwa mafaili ya WAV, programu yangu haikuwa inaandika chochote ndani ya faili. Ilikuwa inaandika kwenye kanzidata yake pembeni, daftari lake la siri, na daftari hilo lilikuwa kwenye draivu C ndani ya folda yangu ya mtumiaji, wakati nyimbo ziko draivu D. Fundi kafungua D, kabeba folda inayoitwa Muziki, kaona kazi imeisha. Daftari likabaki C. C ikapigwa fomati.

Sasa niambieni, kwenye kioo mimi nitajuaje? Ninaandika jina mbele ya MP3 na jina mbele ya WAV, kisanduku kile kile, rangi ile ile, hakuna onyo hata la nukta moja kwamba hili litakaa ndani ya faili na hili nimeliazima tu. Aliyetengeneza kitu kama hicho angekuwa mkutubi angefukuzwa. Hakuna mkutubi anayevua vitabu majalada, akaandika majina kwenye daftari lake, akaliweka chumba kingine.

Na kinachoniuma zaidi ya vyote. Kwenye laptopu kuna folda moja imefika salama kabisa, majina yote yapo. Ni zile MP3 ambazo mpwa alirushiwa na vijana wa kurusha nyimbo kwenye memori kadi, kila wimbo una jina la tovuti iliyouiba, na tangazo juu. Matangazo ya wezi yamehama salama. Maneno ya baba yangu hayakuhama.

Na mimi nina kosa, nalisema kabla hamjanisema. Programu ilikuwa na sehemu ya kuiruhusu ibadili majina ya mafaili yafanane na ulichoandika. Niliizima kwa mkono wangu. Nilihofia itanivurugia mpangilio wa kaseti.

NYONGEZA 1, saa nne usiku: Nimesoma majibu. Wanaosema "jiunge tu na mtandao wa muziki, mambo ya mafaili yamepitwa na wakati", rudini aya ya jogoo.

Mkuu uliyependekeza MusicBrainz Picard, nashukuru, wewe ndiye umesoma uzi. Nimeijaribu. Inasikiliza wimbo, inachukua alama yake kama alama ya kidole, inakwenda kulinganisha na zilizoko kwenye hifadhi yao. Tatizo ni kwamba alama inabidi iwe imewahi kupelekwa kule na mtu mwingine. Imetambua nyimbo chache za Kikongo zilizotoka kwenye sahani. Za kurekodi redioni, zenye mtangazaji juu yake, inatoa macho.

Wa "kwa nini hukuwa na bakapu": nilikuwa nayo, mkuu. Nilikuwa na nakala ya folda ya Muziki kwenye diski ya nje. Ile ile folda. 01, 02, 03.

NYONGEZA 2: Kuna aliyeuliza kama fundi angebeba na ile kanzidata mambo yangekuwa sawa. Si moja kwa moja. Kanzidata inakumbuka kila wimbo kwa anwani kamili, D:\Muziki\Kaseti 37 A\03.wav, na laptopu hii ina C peke yake. Ingefunguka na alama ya mshangao kila mstari. Lakini hilo lina dawa, unagawa diski na kuipa kipande herufi D, folda unaliita jina lile lile, programu inaona iko nyumbani. Dawa ya dakika kumi. Wenye nyimbo nyingi ambao bado kompyuta ya zamani iko mezani, badilini WAV kuwa FLAC leo hii, ni aina nyingine ya faili la sauti, haipunguzi sauti hata chembe, inakula kama nusu ya nafasi, na ina mfuko wake wa majina ndani. Halafu lichukue faili moja, lipeleke kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa, ulifungue. Ukiona jina, ndiyo limehama. Na kompyuta ya zamani isiondoke nyumbani kabla hujasikiliza, hata mkipunguziwa laki mbili.

NYONGEZA 3, Jumapili: Fundi kanipa namba ya aliyenunua. Ni mwanafunzi, muungwana, kaniruhusu. Nimekwenda Mbagala na diski ya nje na programu ya kufufua mafaili, nikakaa kwake saa sita kwenye ndoo iliyogeuzwa, mama yake kanipa chai na chapati mbili. Vimefufuka vipande vya mafaili ya mfumo, picha za harusi ya dada yangu na barua moja ya kuomba kazi ya mwaka 2012. Daftari halipo. Windows mpya imelalia pale pale. Elfu thelathini fundi kanirudishia bila kuombwa mara ya pili, hilo nalisema ili nisimdhulumu, lakini bado ananiambia "bosi ila zinapiga vizuri".

Kaseti bado ninazo. Maandishi ya mzee kwenye majalada yanasomeka kwa zilizo nyingi, japo kaandika majina ya nyimbo tu, mara nyingine na bendi. Waimbaji hakuandika, alikuwa anawajua. Kaseti ishirini na kitu wino umeliwa na unyevu.

Kwa hiyo naomba wazee wa humu ndani, mliokuwa mnakwenda dansi, mnisaidie. Nitakuwa naweka vipande vifupi hapa, viwili kila Jumamosi, baada ya chai. Cha kwanza ni kaseti 41, upande B, wa tatu. Inaanza na gitaa la pili peke yake, tarumbeta mbili zinaingia pamoja, kisha anaimba mtu mwenye sauti nyembamba analalamika kuhamishiwa kikazi mbali na mkewe. Mzee aliniambia jina lake na nikaliandika. Nakumbuka tu kwamba alicheka alipolitaja. Ni nani huyu?