Warsha nne kabla ya kupiga filamu ya wanafunzi: tuanze na ipi?

KlabuYaFilamu:
Habari wakuu. Tuna wanafunzi 12, kamera moja, simu moja kama kamera ya pili, na maiki moja yenye fimbo. Zimebaki wikendi nne, kila wikendi warsha ya saa tatu. Filamu ni ya dakika 8, muswada una kurasa 11. Tumepanga hivi: kamera, taa, sauti, mwisho kuhariri. Mnaonaje?

SikioKali:
Sauti itangulie, mkuu. Picha yenye giza kidogo watu watavumilia, mazungumzo yasiyosikika hawatavumilia.

Zoezi la kwanza: mtu asome mistari mitatu ileile maiki ikiwa mita mbili, kisha nusu mita, wengine wasikilize kwa hedifoni. Mwangwi wa chumba wataukuta kwenye ile ya mita mbili. Maiki ikae juu ya kichwa, nje kidogo tu ya fremu (ukingo wa picha), ncha ikitazama kati ya mdomo na kifua. Sauti kubwa zaidi ziishie karibu na desibeli -12 (0 ndiyo mwisho wa kipimo). Ikigonga 0 imepasuka, na kuinusuru baadaye ni bahati nasibu. Mshika fimbo afanye mazoezi hasa, maana mikono ikichoka maiki hushuka ndani ya picha na hakuna anayeona mpaka siku ya kuhariri.

Kila eneo, kabla ya kufungasha, rekodini sekunde 30 za sauti ya chumba chenyewe, wote kimya. Hizo ndizo za kuzibia mapengo ya sauti wakati wa kuhariri.

MkasiMkali:
Kwanza punguzeni muswada. Ukurasa mmoja huenda dakika moja hivi, kwa hiyo 11 haziingii kwenye 8.

Pili, kuhariri kusiwe mwisho. Wikendi ya pili pigeni sini (tukio moja la filamu) ya watu wawili wanaozungumza mezani, ihaririwe siku hiyohiyo. Mtakuta shoti zimekatwa mapema mno: kamera iwake sekunde tano kabla ya "ekshen" na izimwe sekunde tano baada ya neno la mwisho. Mtakuta pia mtu amevuka mstari. Chora mstari wa kufikirika kati ya wahusika, kamera ibaki upande mmoja. Ikivuka, wote wawili wataonekana wanatazama upande uleule, kama abiria.

Simu nyingi hubadilisha zenyewe idadi ya fremu (picha zinazopigwa kila sekunde), na sauti ya kinasa cha pembeni huachana na midomo polepole. Tumia programu inayofunga fremu, mfano 25 kwa sekunde, na kila mwanzo wa shoti mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera zote mbili, ili mlinganishe picha na sauti baadaye.

KlabuYaFilamu:
Asante sana. Halafu taa za ndani zinaleta mistari inayotembea kwenye picha ya simu. Simu mbovu?

TaaNaKivuli:
Si mbovu. Umeme wa 50 Hz hufanya taa zipwitepwite mara 100 kwa sekunde. Weka shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde. Penye umeme wa 60 Hz, 1/60 au 1/120. LED iliyopunguzwa mwanga inaweza kuendelea kusumbua, basi iwashe kamili au ibadilishe.

Mpangilio wa rangi ya mwanga (white balance) nao usiuachie otomatiki, rangi ya uso itageuka katikati ya shoti. Mwanga wa mchana karibu 5600 K (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), balbu za njano kati ya 2700 na 3200 K. Vyote viwili vikiwa chumba kimoja, funga pazia au zima balbu.

MkasiMkali:
Wikendi ya nne isiwe na somo jipya. Pigeni sini moja nzima, kila mtu kwenye kazi yake, saa mkononi. Mmoja awe mtunza kadi za kumbukumbu tu: nakala mbili kwenye diski mbili, azifungue aone zinacheza, ndipo kadi ifutwe, tena ndani ya kamera yenyewe.