Popobawa kwenye riwaya ya fantasia: ni halali, au tumwache alipo?

Mtoa mada
Habari zenu wakuu. Nina riwaya ya fantasia ya vijana, nimefika sura ya 4, na kiumbe wake mkuu ni popobawa, yule wa kutisha wa masimulizi ya Pemba na Unguja. Nilikwepa makusudi majoka ya Kizungu yanayotema moto na wale watu wa masikio yaliyochongoka, maana mwanangu anawajua wote hao kwa majina ilhali nunda mla watu hajawahi kumsikia. Popobawa nilimpendea jina tu: popo, bawa, na tayari unaona kivuli ukutani.

Nikampa jirani yangu, mzaliwa wa Pemba, asome. Kesho yake kanirudishia karatasi, hazina hata alama moja ya kalamu. "Andika utakacho, ila huyu mtoe." Hakueleza zaidi.

Msimamo wangu ni kwamba kiumbe wa masimulizi hana mwenyewe. Nipingeni.

Mwana wa Wete
Nakupinga. Wewe unasema masimulizi, mimi mwaka 1995, Pemba, nililala uani kwa kumwogopa huyo. Baada ya isha mikeka inatolewa, moto unakokwa, nyumba tatu zinajumuika. Watu waliokuwa hawapeani hata salamu walilala bega kwa bega, na sisi watoto tukaona ni sikukuu. Wakubwa hawakuona hivyo. Huyu si mnyama wa kurarua watu kwa makucha. Waliosimulia, wanaume kwa wanawake, walisimulia kuingiliwa usingizini, na kushurutishwa wakatangaze, la sivyo atarudi. Hilo utaliandikaje kwa mtoto wa darasa la saba? Na ukiliondoa umebaki na popo mkubwa tu.

Halafu mwaka huohuo, Unguja, kijana mgonjwa wa akili aliyetoka bara aliuawa na kundi la watu waliodai ndiye popobawa. Ndiyo maana jirani yako hakueleza.

Kalamu Mbishi
Poleni, na sisemi kwa dharau. Lakini tukingoja mpaka asibaki anayeogopa, tutaandika nini? Tendi za kale zimejaa majini, na zilitungwa na watu walioamini majini, kwa ajili ya wasikilizaji walioamini majini. Nenda Mwenge, Dar, ukaangalie vinyago vya shetani. Mtindo ule alianza nao mchongaji wa Kimakonde, Samaki Likankoa, miaka ya 1950: jicho moja, mguu mmoja, mdomo umekwenda upande. Vinanunuliwa na watalii vinapelekwa kukaa sebuleni Ulaya. Mbona hakuna aliyesema "huyu mtoe"?

Mwana wa Wete
Mmakonde kachonga shetani wake. Mtoa mada, wewe kwenu wapi?

Mtoa mada
Morogoro. Nimekuelewa, ingawa kwa kipimo hicho nitabaki kuandika milima ya Uluguru mpaka nife.

Mjukuu wa Kibo
Mnagombania kiumbe, hakuna aliyeuliza anaishi wapi. Mimi ningeanza na kuzimu. Neno hilo kwenye Kiswahili cha leo limebakia kwenye mahubiri na matusi, lakini kwenye ngano za kale ni mahali pa kufika kwa miguu. Kwetu Uchagani kuna ngano ya Marwe, binti aliyewekwa kulinda shamba la maharage. Nyani wakayamaliza alipokwenda kunywa maji, naye kwa kuogopa wazazi akajitosa kwenye kidimbwi. Chini kule akamkuta bikizee, akamtumikia. Siku ya kuagana bikizee akamuuliza: wataka baridi au wataka moto? Marwe akachagua baridi, akatia mikono kwenye chungu, ikatoka imejaa bangili.

Oneni ule mtego. Mwenye tamaa angekimbilia moto. Sharti moja tu, na tayari dunia nzima ina sheria zake. Waandishi wengi wa fantasia ninaowasoma wanachora ramani ya milki saba kabla hawajapata chungu kimoja.

Na ukihitaji wa kutisha, mchukue zimwi. Huyo ametapakaa mno kiasi kwamba hakuna kijiji kitakachokudai. Uchagani na Ukikuyuni ni irimu. Kongo mashariki, kwenye utendi wa Mwindo wa Wanyanga uliochapishwa 1969, Kirimu ni joka kabisa: ngozi nyeusi, vichwa saba, pembe saba, mkia wa tai. Kumbe joka tulikuwa nalo, mtoa mada ukamwachia Mzungu.

Kalamu Mbishi
Zimwi limekuwa katuni, mkuu. Watoto wanalichekea. Kitisho hakitoki kwenye idadi ya vichwa. Nunda mwenyewe alianza akiwa paka wa sultani. Akala kuku, watu wakashtaki, sultani akajibu paka wangu, kuku wangu. Akala ndama, jibu ni lilelile. Mpaka alipokula watoto wa sultani mwenyewe. Pale anayetisha ni yule mwenye paka.

Mtoa mada
Hii ya nunda imenigusa. Basi nafikiria hivi: jina la popobawa nalitoa, mambo ya kuingiliwa sikuwa nayo tangu mwanzo. Nabaki na kivuli kisicho na jina, na kijiji kinacholala nje kimezunguka moto. Mwana wa Wete, hiyo mikeka yako nimeitamani, sikufichi. Na wale wasiopeana salamu.

Mwana wa Wete
Ukitoa jina ukaacha mikeka, sisi tutamjua tu.

Ila mikeka sikukatazi, ilikuwa yetu na si yake. Unitumie hiyo sura kabla hujachapisha. Na yule kijana wa bara, ukimweka, usimfanye akawa ndiye kweli.