Elfu mbili za Inua Jamii: zatulemaza au zatushikilia?

Mtu wa Mkomani: Jana baada ya alasiri barazani palizuka ubishi. Mzee mmoja alisema hizi pesa za Inua Jamii, ambazo serikali ya Kenya huwapa wazee, mayatima na wenye ulemavu, zimewalaza vijana: mama akipokea, mwana haendi baharini. Mimi nakaribia kumuunga mkono. Pitia gatini uone wanavyoshinda wamekaa. Semeni.

Binti Langoni: Kaka, piga hesabu kwanza. Shilingi 2,000 kwa mwezi ni kama 66 kwa siku. Nani ataacha ngalawa kwa 66? Wale wa gatini wamekaa kwa sababu ni kusi, bahari imechafuka na wageni wameadimika. Kaskazi ikivuma hutawakuta. Bibi yangu aliingia kwenye mpango wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018. Ukili bado anasuka vilevile, ila sasa dawa ya presha hamwombi mtu. Na kule Siaya na Bomet, shirika la misaada la GiveDirectly liliwapa watu wazima wa vijiji vizima pesa kila mwezi bila sharti. Watafiti hawakuona watu wakipunguza kazi. Wengine waliacha vibarua wakafungua biashara zao.

Nahodha wa Shela: Mwanangu, ya kazi nimekuachia. Na nyumba je? Marekani kulikuwa na majimbo yaliyomnyima mama posho akionekana na mwanamume nyumbani. Wakaguzi wakigonga milango usiku! Mpaka Mahakama ya Juu ilipoikataa kanuni hiyo ya Alabama, mwaka 1968. Mwanamke achague posho au mume. Msaada ukizoeleka, na hayo yatafika.

Binti Langoni: Shikamoo, ami. Hapo umenisaidia mimi. Kilichovunja nyumba zile ni sharti, wala si pesa. Huku kwetu pesa za mayatima, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2004, zilikusudiwa yatima abaki kwa jamaa zake. Tena utafiti ulikuta wasichana wa nyumba zilizopokea walipungua kupata mimba wakiwa wadogo. Ukitaka kujua posho itaifanya nini familia, soma masharti yake.

Nahodha wa Shela: Marahaba. Lakini uvivu upo, usinifunge macho.

Mtu wa Mkomani: Leo asubuhi nimemuuliza mmoja wa pale gatini. Anangoja kusi iishe, na mashine ya boti imekufa. Nikamtajia pesa za mamake, akacheka. Mama ana miaka 61, hata kwenye orodha hayumo.