Nyuzi bapa kwenye besi, nianze na zipi? Napiga taarabu na dansi

besi_ya_raskazone

Wakuu habarini, na wazee wa muziki mlioko humu shikamooni. Nina swali la nyuzi, nimelizungusha kichwani miezi miwili sasa naona bora nilimwage hapa.

Nina besi Squier Precision ya nyuzi nne, niliinunua mkononi kwa mtu, inalia vizuri tu. Ijumaa na Jumamosi napiga na kikundi cha taarabu kwenye maharusi hapa Tanga, na Jumapili kazi ikiwepo naenda kushikia besi kwenye bendi ya dansi, zile zilipendwa. Shida yangu ni hizi nyuzi za kawaida, za raundi. Zikiwa mpya zinalia kama waya wa baiskeli, na nikitelezesha kidole kutoka freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya chini kwenda ya juu zinakwaruza kwiii, sasa kwenye taarabu wimbo umetulia, fidla ndo inaongea, mwimbaji anavuta ubeti, hiyo kwiii inafika mpaka kwa bibi harusi. Zikichakaa kidogo sauti inakuwa tamu, naipenda ile sauti, lakini haikai, chumvi ya huku pwani na jasho la mikono zinashika kutu na tyuni inaanza kukimbia. Nimeshazichemsha kwenye sufuria mara mbili, zinaamka siku chache halafu basi.

Juzi nilikuwa nasikiliza rekodi za zamani za Black Star na Lucky Star, wale wa hapa hapa Tanga walioingiza magitaa kwenye taarabu, aisee ile besi iko mviringo, inapiga "dum" halafu inawapisha wenzake. Jamaa akaniambia ukitaka kusogelea sauti ya namna hiyo tafuta nyuzi bapa, flatiwaundi. Nimeingia mtandaoni nakuta La Bella, D'Addario Chromes, Thomastik, Rotosound, namba 43, 45, 52, 110, na bei nyingine zinatisha. Ndugu yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao atanibebea seti moja. Moja tu, kwa hiyo sina nafasi ya kukosea. Nichukue ipi, na besi yenyewe nitahitaji kuigusa popote?

Mzee_wa_Solo_na_Besi

Marahaba kijana wangu. Umeuliza kitu ninachokipenda kwa hiyo vumilia nikiandika sana.

Kwanza uelewe unanunua nini. Uzi wa besi una kiini cha chuma katikati halafu umezungushiwa waya kwa nje. Kwenye raundi huo waya wa kuzungushia ni duara, ndo maana ukipapasa unahisi matuta, na hayo matuta ndo yanakwaruza, ndo yanakula freti, na ndani yake ndo jasho na uchafu vinajificha. Kwenye bapa wanazungushia utepe, umelala, ukipitisha kidole ni kama unapapasa mgongo wa kisu. Ile milio midogo midogo ya juu inapungua, inabaki noti yenyewe, nene, na haivutiki muda mrefu kama kwenye raundi. Hiyo "dum halafu inawapisha wenzake" unayoisema ndiyo hiyo.

Na wala siyo kitu cha kisasa. Bwana Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, alipoitoa besi ya Precision mwaka 1951 wapigaji aliokuwa anawalenga walikuwa wanabeba dabo besi, lile kubwa la kusimama, na nyuzi bapa ndizo zilizokuwa za kawaida kwenye besi za umeme miaka ile. Raundi zilikuja kushika kasi katikati ya miaka ya 60 huko Uingereza, Rotosound walipokaa na John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya The Who, ambaye alikuwa anataka besi ilie kama piano. Sasa jiulize wewe unataka piano au unataka dabo besi? Ukienda Unguja ukawasikiliza Culture Musical Club utakuta dabo besi imesimama pale nyuma, na taarabu imekaa juu yake imetulia. Mimi kwa taarabu sina swali, ni bapa.

Mfano mkubwa wa nyuzi hizi ni mpiga besi James Jamerson wa Motown, ile lebo ya muziki kule Detroit. Precision ya 1962, nyuzi La Bella nzito kabisa za 52 mpaka 110, kipande cha sponji chini ya kifuniko cha briji (pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili), na mkono wa kulia anapiga kwa kidole kimoja tu, cha shahada. Nyuzi alikuwa habadilishi mpaka ukatike. Kwa hiyo mtu akikwambia bapa "zimekufa" mwambie zinaiva, maana seti yangu mimi niliifunga mwaka 2011 na mpaka leo iko kwenye gitaa, kila mwaka inazidi kuwa tamu. Ndo maana hata bei isikutishe, raundi ngapi umeshanunua na kutupa mpaka sasa?

Lakini hizo za Jamerson usichukue. Ninakwambia kwa sababu nilizitaka sana na nikazifunga, uzi wa E, ule mnene kuliko wote, wa 110 haukuingia kwenye nati, kile kipande kule juu ya shingo nyuzi zinapopita, fundi mmoja akauchonga mfereji kwa msumeno badala ya tupa yake, akapitiliza, ikabidi nati nzima ibadilishwe. Na shingo ikapinda mbele kwa ule mvutano, mkono wa kushoto unauma wimbo wa tatu tu. Harusi ya taarabu unajua inaisha saa ngapi.

Chukua La Bella zile wanaziita Deep Talkin' Bass, seti ya 43, 60, 82, 104. Ni sauti ile ile ya zamani lakini mkono unapumua.

sebene_nonstop

Sawa ila dansi ikifika kwenye sebene bapa zinakuangusha. Pale besi inatakiwa irukeruke, ikatike, watu waisikie kwenye magoti. Ningekuwa wewe ningeacha raundi nikatafuta besi ya pili ya bei poa kwa ajili ya taarabu.

mama_wa_warsha

Habari zenu jamani. Mimi natengeneza magitaa, niko Mombasa, besi zinapita mkononi mwangu kila wiki kwa hiyo niseme upande wa fundi maana hapo ndipo watu huumia.

Kaka wa Raskazone, zile namba ni unene wa uzi kwa elfu za inchi. 45 ni uzi wa G, ule mwembamba, 105 ni E, ule mnene. Ila unene sio mvutano, na hapa ndo wengi hupotea. Thomastik Jazz Flats zinazotoka Vienna ni 43, 56, 70, 100, ukizishika ni laini sana, zinayumba chini ya kidole, mtu aliyezoea kupiga kwa nguvu atazigonga kwenye freti mpaka akasirike. La Bella za 43 alizotaja mzee zinaanzia unene ule ule kwenye G lakini zimekaza zaidi. D'Addario Chromes za 45, 65, 80, 100 nazo zimekaza, na ndizo zenye mlio mkali kuliko hizo zingine zikiwa mpya, kisha zinapoa taratibu. Kwa hiyo kaka wa sebene hana makosa lakini mimi sikubali kwamba bapa zote ni blanketi, Steve Harris wa bendi ya roki ya Iron Maiden anapiga bapa za Rotosound 50 mpaka 110 na mlio wake unakata kama shoka. Kwake ni nyuzi mpya, mkono mzito na ampu aliyoipanga hivyo.

Kama unataka seti moja ihudumie taarabu na dansi mimi nitakuambia Chromes. Kama moyo wako uko kwenye taarabu, msikilize mzee.

Sasa kufunga. Bapa usiukate halafu ndo ukunje, ule utepe hufunguka na uzi ukafa siku hiyo hiyo. Uvute mpaka kwenye kishikio chake cha kutyunia, ongeza urefu wa kutosha mizunguko miwili au mitatu, upinde kona kamili ya mraba kwanza, KISHA ndo ukate mbele ya ile kona. Funga mmoja baada ya mwingine, usivue zote nne kwa pamoja. Na kama besi yako nyuzi zinapitia nyuma ya mbao usizipitishe huko, zipitishe kwenye briji juu, kona ile kali huvunja bapa.

Ukishatyuni iache ilale usiku mmoja, shingo ijizoeshe. Asubuhi bana uzi wa E freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, halafu chungulia freti ya saba au ya nane. Pawe na upenyo wa kupita kadi ya biashara, basi. Ukiwa mkubwa zaidi ya hapo kaza ile rodi ya ndani ya shingo robo mzunguko kwa ufunguo wake halisi, sio bisibisi uliyoipata jikoni, uiache tena. Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 ukiibana na ile ya kugusia tu hapo hapo. Ya kubana ikiwa juu, rudisha kile kitako cha uzi kwenye briji nyuma kidogo.

Na bapa ukishazifunga ziache. Kuzivua na kuzirudisha ndiko kunakozivunja pale kwenye mizunguko.

ankal_wa_muscat

Mambo ya chumvi nayajua, huku nilipo bahari na joto ni kama huko kwenu. Bapa zinashika uchafu kidogo kwa vile hazina mifereji, lakini nazo zinapauka usipozitunza. Mimi nina kitambaa kikavu kwenye begi, nikimaliza kupiga napitisha juu na chini ya kila uzi, dakika moja tu. Nyingi ya hizo mlizotaja ni chuma kisichoshika kutu kirahisi, hizo za Thomastik ni nikeli.

Jingine, mwambie huyo ndugu anunue dukani kwa macho yake na afungue boksi pale pale. Mimi niliagiza mtandaoni boksi limeandikwa bapa, jina kubwa, kufika ndani ni raundi tupu zimekunjwa kwenye karatasi, hela yangu mpaka leo sijaiona. Na aseme "long scale", inchi 34, kuna za besi fupi zinafanana boksi kabisa.

besi_ya_raskazone

Dah nashukuru sana wakuu, mzee wangu na dada fundi Mungu awazidishie, hii elimu nisingeipata popote hapa mtaani. Ya kwangu nyuzi zinapitia kwenye briji, nimeangalia sasa hivi. Dada, ile habari ya nati imenishtua, hizi raundi zangu ni 45 mpaka 105, je hizo 43 mpaka 104 zitaingia bila kuchonga?

mama_wa_warsha

Zitaingia kaka, zimepungua kidogo kuliko zako, mifereji uliyonayo inatosha. Ukisikia uzi wowote unalia "tiki" ukiutyuni ujue umeng'ang'ania pale kwenye nati, chora mfereji kwa penseli, ule unga mweusi unalainisha. Tupa iache.

Mzee_wa_Solo_na_Besi

Wakati unasubiri mzigo jaribu hili, halina gharama. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, mpya lakini, kata kipande cha upana wa vidole viwili kipite chini ya nyuzi zote nne, ukisukume karibu kabisa na briji. Toni izungushe chini mpaka karibu na mwisho, piga kwa nyama ya kidole siyo ncha, mkono ukae juu ya pikapu, ile sumaku inayonasa sauti ya nyuzi. Siyo bapa, ile kwiii itabakia, ila utajua kama kweli sauti hiyo ndiyo unayoitaka kabla hujatoa hela ya watu.

besi_ya_raskazone

Mrejesho wakuu. Jana tulikuwa na mazoezi, nikaweka sponji kama mzee alivyosema, sikumwambia mtu. Wimbo wa kwanza tu mama mwimbaji wetu akageuka akaniangalia, akaendelea kuimba, tulivyomaliza akaniuliza "leo umefanya nini hapo, naisikia sauti yangu mwenyewe." Fidla naye akasema ana nafasi. Nimeshamwandikia ndugu, La Bella 43 mpaka 104, long scale, afungue boksi dukani. Dansi nitaangalia huko mbele, kama mambo yatakuwa mazuri nitatafuta hiyo besi ya pili kwa ajili ya sebene.

Swali dogo la mwisho, uzi wa G umekufa kabisa na hiyo sponji, wa E uko sawa. Ni kawaida?

Mzee_wa_Solo_na_Besi

Kawaida, G ni mwembamba unazimwa upesi. Kata sponji mshazari, upande wa E uwe mnene na upande wa G uguse kwa mbali tu.