Mjadala: Mikorosho ya baba isimnyime mtoto mkopo wa chuo

Wadau wa Kusini mwa Tanzania, kila dirisha la maombi ya mkopo likifunguliwa hoja hii inarudi: mtoto wa mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba asipewe kipaumbele na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, eti nyumbani kwao pesa ipo. Naipinga, na naomba tubishane kwa hoja.

Pesa ya korosho inakuja lini? Minada inaanza Oktoba, na baada ya mnada mkulima bado anasubiri malipo yapitie chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) hadi benki. Chuo nacho kinafunguliwa kipindi hichohicho, kinataka ada, hela ya chumba, na nauli ya basi mpaka Dar au Dodoma. Hapo ndipo wanunuzi wa kangomba, wanaonunua korosho kienyeji nje ya mnada, wanapopiga hodi. Mzazi anauza kwa bei ya kutupa ili mwanawe asajiliwe, mnada ukifika ghalani hana cha kupeleka. Nyumba hiyo ukiihesabia mikorosho, utasema ni ya tajiri.

Mnakumbuka msimu wa 2018. Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri tu, lakini wapo waliosubiri malipo hadi mwaka uliofuata. Kijana aliyeanza chuo msimu ule hakuweza kula bei iliyotangazwa.

Najua jibu la wengi: fedha hazitoshi, waanze yatima, wenye ulemavu na kaya za TASAF, yaani kaya maskini zinazosaidiwa na mfuko wa serikali. Waanze, sina ubishi. Ninayemlilia ni wa katikati: TASAF hayumo, mshahara nyumbani hakuna, na akibahatika anapewa kipande cha ada. Tangu 2022 posho ya chakula na malazi ndani ya mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Aliyekosa, elfu kumi hiyo aitoe wapi Novemba?

Tena huu ni mkopo. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016, mnufaika aliyeajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Deni ni la kijana, mzazi hakatwi.

Napendekeza kaya ya mkulima ipimwe kwa wastani wa misimu mitatu, gharama za salfa (dawa ya mikorosho) na palizi zikishatolewa, na watoto wanaosoma wahesabiwe. Rekodi za mauzo zipo AMCOS. Mnaosema pesa ipo, hasa mlioko Masasi na Nachingwea, ninyi mngempima kwa kipimo gani?