Ukoo wa Tukuyu: Lusajo yuko Ngorongoro

Lusajo: Shikamooni wakubwa wote. Tumepanda kutoka kreta, sasa niko Karatu, mtandao umerudi. Picha nazituma kidogo kidogo.

Mama Lusajo: Marahaba mwanangu. Umekula? Na baridi?

Lusajo: Nimekula mama. Baridi ya ukingoni asubuhi ni ya huko kwetu Isongole mwezi wa saba kabisa. Ukungu mzito, gari la mbele hulioni. Wenzangu wa Dar walikuwa wanatetemeka, mimi koti langu nilibeba.

Atupele: Kaka faru umemwona???

Lusajo: Mmoja, mbali, kwa darubini. Amelala kwenye majani, masikio tu ndiyo yanazunguka. Dereva alizima injini, gari zima likanyamaza. Akatusimulia habari za Fausta, yule faru jike aliyekufa Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Mwishoni ilibidi atunzwe kwenye uzio, maana macho yalishafifia na fisi walikuwa wanamshambulia.

Atupele: Maskini 😢 Na twiga?

Lusajo: Twiga chini hakuna. Kuta zinashuka kama mita 600, na miti ya kumtosha haipo. Wako nje ya kreta, njia ya kwenda Serengeti. Tembo wapo, ila wengi ni madume wazee wenye pembe ndefu, wanazunguka msitu wa Lerai. Majike na watoto wanabaki huku juu msituni.

Baba mdogo Gwakisa: Mlishukia wapi?

Lusajo: Barabara ya Seneto, tukapandia ya Lerai. Bila Land Cruiser au gari la namna hiyo huruhusiwi kushuka, baba mdogo. Halafu mkija siku moja, pale Ngoitokitok kuleni ndani ya gari. Ni pazuri, chemchemi na viboko, watu wote wanashuka kula. Mwewe akatua akapora chapati mkononi mwa mwenzetu, ukucha ukamchana kidole.

Mama Lusajo: Jamani! Mmemfunga?

Lusajo: Tumemfunga mama, yuko salama.

Atupele: Shangazi Tusa uko? Nina swali. Mbona ziwa letu la Ngozi huku nalo liko kwenye kreta na hatuna hata swala?

Shangazi Tusa: Nipo. Umeuliza la maana, ngoja nikae nikuandikie.

Shangazi Tusa: Ngorongoro ulikuwa mlima mrefu, wataalamu wanakadiria ulifika kati ya mita 4,500 na 5,800. Ukamwaga uji wa moto uliokuwa tumboni, chini pakabaki utupu, kilele kikakosa cha kukishika kikadidimia. Hayo yametokea zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Shimo lililobaki lina upana wa kilomita kama 19, na sakafu yake ni kilomita za mraba kama 260: tambarare, majani, chemchemi, ziwa la magadi. Mvua yake ni ya msimu, kwa hiyo miti haijafunga. Nyumbu akipata hapo atatafuta nini kingine?

Shangazi Tusa: Ngozi imedidimia hivyohivyo. Ila shimo ni dogo, kilomita kama 3 tu, na mvua ya milima yetu ya Uporoto mnaijua. Chini kote ni maji, kuta kote ni msitu. Nyumbu atasimama wapi? Pale panamfaa mnyama anayekaa mitini. Mbega wapo. Na kwenye misitu ya mlima Rungwe na ya Kitulo yuko kipunji, kima ambaye wanasayansi hawakumjua mpaka 2003, wakamtangaza 2005. Wawindaji wa huku walikuwa wakimtaja siku zote. Ukiacha msitu mmoja wa Udzungwa, dunia nzima hapatikani pengine.

Atupele: Dunia nzima??

Shangazi Tusa: Dunia nzima, mwanangu. Na yuko hatarini kutoweka. Kila gogo linalotoka kule kwa siri usiku linampunguzia pa kukaa. Hilo linaniuma sana.

Bibi (kwa simu ya Mama Lusajo): Ngozi mtu akifika haropoki. Wazee wetu walipaheshimu.

Shangazi Tusa: Kweli kabisa mama.

Shangazi Tusa: Halafu kuna jambo la jivu, na hili ndilo nililokuwa nikipenda kuliko yote nilipofundisha. Zile nyanda za nyasi fupi za Serengeti zimelala juu ya jivu la volkano za upande wa Ngorongoro. Majani yake yana madini mengi, ndiyo maana nyumbu wanarudi kuzalia kule mwanzoni mwa mwaka. Huku jivu letu limeota migomba, chai, viazi. Kule linalisha nyumbu, huku limetulea sisi. Atu, nenda kwenye kingo ya udongo nyuma ya banda la kuku, toa yale mawe meupe mepesi, yatie kwenye beseni la maji.

Atupele: Naenda

Baba mdogo Gwakisa: Dada umenifumbua macho. Naishi juu yake tangu nizaliwe.

Atupele: YANAELEA!!! Yana vitundu vitundu kama mkate

Shangazi Tusa: Vitundu hivyo ni hewa ya moto ilipokuwa inatoka. Rungwe iliyarusha miaka kama 4,000 iliyopita.

Lusajo: Shangazi nimewasomea wenzangu hapa mezani, wanataka kuja Mbeya.

Dada Neema (Iringa): Waje! Simba wapitie kwangu, twende Ruaha. Huko kwenu hakuna simba.

Shangazi Tusa: Hakuna, ndiyo maana Kitulo unatembea kwa miguu yako. Mimi naomba ukoo huu twende Januari, maua yakiwa yamechanua. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, orkidi peke yake ni aina 45. Twende kabla wanaochimba viazi vya orkidi kwa ajili ya chikanda hawajamaliza vilivyobaki.

Mama Lusajo: Mimi nipo. Bibi anauliza baridi ikoje.

Shangazi Tusa: Ni juu, mita 2,600 hivi. Abebe blanketi na viatu vya kufunga.

Baba mdogo Gwakisa: Tunapandia Chimala, ile barabara ya kona Hamsini na Saba, au tunazungukia Isongole?

Dada Neema (Iringa): Hamsini na Saba na mvua ya Januari? Na Bibi ndani? Hapana baba mdogo.

Baba mdogo Gwakisa: Basi Isongole. Noah yangu tusiitegemee kwenye tope, nakodi gari la juu. Anayekwenda aandike jina hapa kabla ya Jumapili nijue viti.

Atupele: 1. Atupele

Mama Lusajo: 2. Mama Lusajo 3. Bibi

Lusajo: 4. Lusajo, na wenzangu wawili. Asante sana shangazi, ndaga fijo.