Ushauri: 12345678987654321 ina vigawo vingapi? Tumekwama

Mama wa Langoni
Asalaam aleikum jamani. Niko Amu. Mwanangu wa Kidato cha Pili amepewa swali na wenzake: nambari hiyo ina vigawo vingapi? Kikokotoo kinaonyesha 1.234567899 na kipeo cha 16 pembeni, tarakimu za mwisho kimezimeza. Tukatoka barazani na daftari. Jumla ya tarakimu ni 81, tukagawa kwa 3 mara nne, tukabaki na 152415789971041. Kuanzia hapo tumejaribu 5, 7, 11 mpaka 31, wapi! Kompyuta ingetupa jibu, lakini mtoto anataka njia. Tushike wapi?

Nahodha wa Malindi
Jumla ikiwa 81, lazima igawanyike kwa 81. Mko sawa mpaka hapo.

Mwalimu Shela
Nahodha, hapo tuelewane. Kanuni hiyo ni ya 3 na 9 tu. 1899 jumla yake ni 27, lakini ukiigawa kwa 27 inabaki 9. Mama yuko sawa kwa kuwa amegawa kwa mkono.

Mama, wacheni kugawa kwanza, tazameni umbo. 11 mara 11 ni 121. 111 mara 111 ni 12321. Sasa zidisheni 111111111 kwa yenyewe, kwa mkono: mistari tisa ya moja moja, kila mmoja umesogea nafasi moja kushoto. Safu ya katikati ina moja tisa, kwa hiyo hakuna cha kubeba popote, na tarakimu zinapanda hadi 9 kisha zinashuka. Ni nambari mraba hiyo! Basi vunjeni 111111111 peke yake: 9 × 37 × 333667. Mlikomea 31, na nambari tasa inayofuata ndiyo hiyo 37.

Ukiipiga mraba, vipeo vya 3, 37 na 333667 ni 4, 2 na 2. Kila kimoja ongeza moja, kisha zidisha: 5 × 3 × 3, vigawo 45. Ni witiri, na nambari mraba zote ziko hivyo: vigawo huenda wawili wawili, ila kipeuo cha pili mwenziwe ni yeye mwenyewe.

Mama wa Langoni
Allah akujaze kheri, Mwalimu. Na 333667 tutajuaje ni tasa? Tujaribu zote?

Mwalimu Shela
Mwisho ni 577, maana 578 mara 578 inaipita. Wala si zote. 333667 inaigawa 999999999, yaani 10 kipeo cha 9 toa 1, na 3 haimo kwani jumla ya tarakimu zake ni 28. Kwa kanuni ndogo ya Fermat (nambari tasa p isiyoigawa 10 huigawa 10 kipeo cha p − 1, toa 1), kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 18, lazima kibakishe 1. Za namna hiyo hadi 577 ni 17 tu: 19, 37, 73, 109, 127 na kuendelea.

Mama wa Langoni
Tumefika 271, imebaki 66. Zimesalia nane, na kalamu hataki nimshikie.